Sangara wa Ukutani

Kwako dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Natumaini mko wazima huko, na kikohozi cha kitinda mimba wako kimetulia. Sisi huku tunaendelea. Nikisema tunaendelea, elewa hivyo hivyo tu: naamka, naoga, naenda kazini, narudi. Baba mdogo anapita kila jioni kuangalia kama nimekula, na nimekula. Tangu tumzike baba sijadondosha chozi hata moja, uliona mwenyewe. Majirani walisema nimejikaza. Sijajikaza, dada. Nimekufa ganzi, kama mkono ulioulalia, ukaamka ukadhani ni wa mtu mwingine.

Barua yako niliipata. Umenisema, tena bila kumung'unya maneno. Umeandika kwamba baba mdogo amekwambia nimekataa kusimama ukumbini kumtolea ushahidi samaki wa baba, na kwa sababu yangu jina lake halitaandikwa ukutani. Ukaniuliza baba alinikosea nini. Hakunikosea kitu. Ningekujibu kwa simu, lakini wewe ukisikia sauti yangu tu unaanza kulia, mimi nabaki nimeishika simu kama nimeshika kipande cha sabuni. Kwa hiyo kaa chini usome. Mambo ya samaki yalikuwa yanakukera tangu zamani, najua, ila leo nivumilie.

Kazi yangu pale klabuni ni kupima. Wanachama wanavua bwawani kwa ufito na ndoano, samaki anapimwa, kisha anarudishwa majini alikotoka. Watu wakisikia hivyo wananiuliza kama tuna akili timamu, samaki mzima mzima asionane na sufuria! Hata baba alicheka. Alikuja siku moja kutengeneza bomba la choo cha klabu, akaazimwa ufito wakati anasubiri gundi ikauke. Gundi ilikauka, bomba likapona, yeye hakupona tena. Tangu mama atutoke sijawahi kumwona amekishika kitu kwa moyo wote namna ile.

Sasa, ukumbini kuna ukuta mmoja umeandikwa majina kwa rangi, jina la mtu na samaki wake. Wageni wanadhani ni wa samaki wakubwa tu. Sivyo. Kila aina ina alama yake kwenye ubao wangu wa kupimia. Alama ya perege iko karibu, ya sangara iko kule mwisho, nyekundu. Perege mmoja anaweza kuingia ukutani, na sangara anayeweza kummeza akarudishwa majini bila hata kupigwa picha. Tunapima urefu, uzito hatuutaki, maana tumbo linadanganya. Samaki aliyeshiba jana si sawa na aliyekua kwa miaka. Ndoano lazima iwe imeingia mdomoni. Ikimnasa mgongoni, hukumvua, umemkwaruza tu. Na ufito usiguswe na mkono wa mtu mwingine tangu samaki anapouma mpaka anapofika ukingoni.

La mwisho ndilo gumu. Lazima aondoke hai, kwa nguvu zake. Samaki mkubwa aliyepambana sana hulegea, ukimrusha tu majini anageuka tumbo juu na habari yake imekwisha. Kwa hiyo mtu anaingia majini, anamshika mkiani na chini ya tumbo, anamwelekeza kichwa maji yanakotokea, anangoja. Huyo ndiye shahidi. Kwenye mkutano wa mwisho wa mwezi analoweka mikono kwenye beseni, anasimama mbele ya wote, anasema kwamba hakumwachia samaki wala hakugeuza macho pembeni mpaka alipoondoka mwenyewe. Hakuna karatasi. Mwenyekiti wetu, yule daktari wa meno mstaafu, husema kusaini anaweza yeyote, ila kudanganya mbele ya watu huku mikono inachuruzika maji kunahitaji uso wa aina yake.

Baba aliutafuta ukuta ule kwa miaka. Kila sangara wake alikosa kidogo, mara upana wa kidole, mara chini ya hapo. Wenzake wakamwita Bado Kidogo, naye akawa anaitika na kucheka nao. Nyumbani hakucheka. Aliwahi kuniambia kwamba maisha yake yote ameweka mabomba ndani ya kuta za watu, na bomba halitazamwi na mtu mpaka lipasuke. Alitaka mara moja tu naye awe upande wa nje wa ukuta. Alisema hivyo huku anamenya chungwa, kama anayezungumzia hali ya hewa, lakini nilimsikia.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili asubuhi, kumenyesha, klabuni hakuna mtu. Daktari alikuwa amemwambia moyo wake umechoka, asinyanyue mizigo, kwa hiyo nilifuatana naye nimbebee sanduku la vifaa. Hatujakaa sana, ufito ukapinda. Baba alisimama. Dada, sijawahi kuona mtu mzima akiwa na furaha na hofu vyote usoni kwa mara moja. Alivutana na yule samaki mpaka shati likalowa jasho. Nilimwomba anipe ufito nimsaidie kidogo tu, akanijibu kwamba nikiugusa nitafute baba mwingine. Tukacheka wote wawili.

Akamfikisha ukingoni. Ndoano ilikuwa mdomoni, safi kabisa. Nilimlaza kwenye ubao uliolowa, akavuka alama nyekundu kwa upana wa kiganja. Nilipima tena, nikidhani macho yangu yana upendeleo. Akavuka tena. Nilipomwambia baba, alishindwa kupiga kelele, alitikisa kichwa tu, akakaa kwenye nyasi ameegemea sanduku, akanionyesha kwa mkono nimrudishe majini haraka. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Niliuona. Nikajiambia ni uchovu, mzee kapambana.

Niliingia maji ya kiunoni, nikampa baba mgongo. Sangara alikuwa amelegea kabisa, kila nikilegeza mkono anaanza kulala upande. Kuanzia hapa baba mdogo hajui, wala mwenyekiti, wala mtu yeyote. Kwenye msiba niliwaambia wote kwamba baba alikata roho akiwa anamtazama samaki wake anaondoka, na watu wakasema mzee amekufa kifo kizuri. Nawe ulisema hivyo. Uliniuliza kama alisema neno lolote mwishoni, nikakujibu hakusema.

Alisema. Aliniita Chiriku, lile jina alilonipa kwa ajili ya mdomo wangu, akasema, mwache huyo samaki, njoo unishike mkono. Sauti yake haikuwa kubwa lakini niliisikia vizuri, kila neno. Nami sikugeuka. Nilimwambia asubiri, samaki bado hajapata nguvu, nikimwachia sasa atakufa na hatahesabika. Akaniita tena, jina tu. Nikasema, subiri baba, bado kidogo. Nilimtania, dada. Nilimtania kwa jina lake la klabuni, nikadhani atacheka.

Hakuita tena. Nilidhani ananyamaza ili asinivuruge. Samaki akaanza kufungua mashavu vizuri, mkia ukakaza kwenye kiganja changu, kisha akaondoka kwa kishindo, akanimwagia maji usoni. Niligeuka nikicheka, nikapiga kelele kwamba ameingia ukutani. Baba alikuwa ameegemea sanduku vilevile, mkono mmoja ameuweka wazi kwenye nyasi.

Hospitali walisema moyo ulisimama, kwamba hata ningekuwa pembeni yake nisingeweza kufanya lolote. Nawaamini. Usije ukaniandikia kunieleza hilo. Mimi siongelei kumwokoa. Aliomba kushikwa mkono, na mikono yangu yote miwili ilikuwa kwa samaki. Ndiyo maana nilikataa kusimama. Ushahidi wenyewe ni kusema sikugeuza macho, na ni kweli sikugeuza, na sikuona nitalitoaje neno hilo mbele ya watu. Baba mdogo akaniita roho ngumu, mwenyekiti akaja mpaka nyumbani, akakaa, akanywa chai, akaondoka bila kuniuliza. Wote niliwatazama kama natazama ukuta.

Lakini nimefikiri. Nikikaa kimya, baba atakuwa ameniita bure, na hata huo ukuta, ambao kwa ajili yake nilimnyima mkono, atakuwa ameukosa. Kwa hiyo Jumamosi, kwenye mkutano, nitasimama. Nitaloweka mikono kwenye beseni na nitasema yote yaliyo kweli: ndoano ilikuwa mdomoni, ufito haukuguswa, alama nyekundu ilivukwa, sikumwachia, sikugeuka. Wataliandika jina lake ukutani. Watapiga makofi mpaka ukumbi utikisike, na baba mdogo atapiga kuliko wote. Nimekuandikia ili katika dunia hii awepo mtu mmoja anayejua wanachokipigia makofi. Ukitaka kunichukia baada ya hapa, nichukie. Pengine nitausikia uchungu wake, nami nitashukuru kusikia chochote.

Mfikishie shemeji salamu zangu, na watoto uwabusu mmoja mmoja. Fulana za baba nimezifua, nimewatengea wavulana wako, zitakuja na mgeni yeyote atakayekuja huko. Jitunze, dada, na ule vizuri.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku