Kifua cha Wabwile na Sindano ya Fahali

Mama Jerop, nisaidie kabla Jumamosi ifike. Mimi ni Ian wa Kiminini, miaka ishirini na mbili, napakia mahindi kwa stoo, na shida yangu ilianza kwa saiba, pale pa kulipia intaneti, hapo Kitale, nikafungua Facebook nikaona picha ya Wabwile, tulisoma na yeye, siku hizi yuko Nairobi, mtandao ulikuwa unakokota kwa hivyo picha ikafunguka pole pole kutoka juu, kichwa, shingo, mabega, halafu kifua, mama, kifua! Nikabaki mdomo wazi, ati huyu ndiye yule Wabwile tulikuwa tunamwita Njiti kwa wembamba? Tangu hiyo siku sivui shati mbele ya watu, na Phelista wangu wa Bungoma akiomba picha namwambia simu imeharibika, nimekula chakula cha ndama karibu miezi miwili ili ninenepe nikapata tu kuhara, hata juzi mama yangu alipovunjika mguu shambani nikambeba mgongoni mpaka barabarani, matope na kilima, watu wakiniangalia nilikuwa naona haya juu ya hii miguu yangu nyembamba. Sasa kuna jamaa wa Lwakhakha, huko mpakani na Uganda, anauza sindano ya kunenepesha fahali, anakuja soko Jumamosi, amesema akinidunga hata mama yangu hatanijua. Nidungwe ama niwache?
Ian, Kiminini

Ian, wacha! Wewe ni ndama wa nani? Chakula cha mifugo kimekuharisha, na bado unataka dawa ya fahali iingie kwa damu? Huyo jamaa akiua fahali wa mtu atalipa. Akikuua wewe, atavuka tu mpaka aende zake. Kesho nenda hospitali, mwambie daktari ukweli wa ulichokula.

Wabwile simlaumu, kifua ni chake. Lakini vijana wa picha nawajua, wanajipaka mafuta, wanabana pumzi, wanapigwa picha nyingi wanachagua moja. Pumzi ilipomtoka, wewe hukuwa hapo kuona.

Sasa nikwambie kilichoniacha mimi mdomo wazi. Umeniandikia kifua, kifua, halafu mama yako ukampitia mbio mbio. Nilifika hapo nikaweka barua chini. Mtu mzima, mguu umevunjika, matope, kilima, na hukumwangusha! Mungu wangu. Na unadhani wale watu walikuwa wanaangalia miguu?

Phelista mtumie picha yako na shati la kazi. Akikukataa kwa hiyo, shukuru umejua mapema. Na Jumamosi usikanyage soko. Kaa na mama yako, mpikie chai, umuulize kama pale mgongoni kwako aliogopa kuanguka.