Siku Niliposhika Shuka Mlimani

Mama Mwita wangu,

Huyo Juma muuza vitambaa amekusimulia vibaya, na waliomsimulia yeye ndio vibaya zaidi. Sikulala mlimani. Sikukimbia chui. Mimi Marwa nilikuwepo, wao hawakuwepo, sasa sikiliza mwenye habari yake.

Lakini kwanza, hamjambo huko Nyamwaga? Mama yako mguu unamsumbua bado? Mpe shikamoo yangu ya mbali, kama mkwe anavyotakiwa. Mimi mzima, meno yote ninayo, ila kukaa kumenishinda. Hata barua hii naandika mstari mmoja, nazunguka nyumba, narudi. Na naandika mwenyewe, usidhani. Kisomo cha watu wazima nimewapita wote, hata mwalimu ananiogopa. Katekista anayekusomea asiongeze chumvi, ya kwangu inatosha.

Ilikuwa hivi. Huku karibu na Mugumu serikali ilitaka moramu ya kumwaga barabarani, na moramu iko kwenye mlima ulio mbele ya kijiji chetu kipya. Akaja mtaalamu kupima. Si kupima udongo, kupima macho. Alitaka kujua mlima ukichimbwa, nani ataliona shimo akiwa mlangoni kwake. Nyumba itakayoona ihamishwe ng'ambo ya mlima. Shimo halihamishwi, mtu ndiye anahamishwa.

Akatafuta mtu wa kusimama pale tingatinga litakapokata, ashike mti mrefu wenye shuka nyeupe. Wewe unamjua mwanaume mrefu kuliko mimi? Basi nikapanda. Yeye na Mwenyekiti wa kijiji wakawa wanapita mlango kwa mlango, wanatazama kama shuka inaonekana.

Mama Mwita, mimi walishanihamisha mara moja, kutoka kule mtoni, wakabomoa nyumba kuku wakiwa ndani. Hii ya sasa nimeikandika mwenyewe, nimeiezeka vizuri, nikikungoja wewe. Nihame tena? Nikawa nawaona kutoka juu wanavyosogea. Walipofika kwenye paa langu jipya, nikachuchumaa, mti nikaulaza kwenye majani. Ule haukuwa usingizi, ilikuwa akili.

Nyamhanga, jirani yangu, alikuwa nao kule chini, akanihadithia baadaye. Mtaalamu aliuliza aliyeshika shuka kaenda wapi. Nyamhanga akamjibu, "Yupo, bwana. Ni mfupi tu."

Bado sijamsamehe. Mtaalamu akasema basi nyumba hii haioni, wakaendelea. Nikasimama tena, shuka juu.

Nyamhanga na wote walioiona shuka wakahamishwa. Niliwacheka mpaka tumbo likauma. Halafu tingatinga likaja, likaanza kuumega mlima kama mgeni asiye na adabu anayemega ugali upande mmoja tu. Sasa ubavu wote ni mwekundu, kama ng'ombe aliyechunwa akaachwa amesimama. Jua la jioni likiingia mle, hata ukuta wangu wa ndani unakuwa mwekundu. Nyamhanga huko aliko anatazama miti na mto.

Nikaenda kwa Mwenyekiti kuomba nihamishwe na mimi. Akaniambia, "Marwa, mtaalamu alishasema wewe huoni."

"Basi mwite aje anifumbe macho."

Akacheka, akanituma shambani.

Sasa umemtuma Juma aniambie hutakuja kukaa kwenye nyumba inayotazama kidonda. Usiogope, mke wangu, jicho huzoea. Siku hizi jioni naweka kigoda mlangoni, nalitazama lile shimo kama unavyomtazama jirani mbaya, mpaka giza linaingia. Mbona nimenenepa? Wimbi ukishavunwa ukaingia ghalani, njoo. Nyumba bila wewe ni zizi lenye fahali mmoja, analizunguka usiku kucha.

Nisalimie mdogo wangu mfua vyuma, ambaye najua ananiita mwongo. Nisalimie Mwita mwanangu, aliyebaki na ng'ombe wangu, mwambie nikija nitawaita kwa majina na wataitika. Na huyo katekista, ahsante kwa koo lake.

Ni mimi mumeo, mrefu kuliko wote huku,
Marwa

Nimeifunga barua, nimeifungua tena. Hilo la kigoda nimelitunga. Ule mlango nimeuziba kwa udongo, nimetoboa mwingine nyuma. Ukija usibishe hodi mbele. Zunguka.