Kijiti cha Mama

Jumatano, mwezi wa sita. Joto la leo, hata paka wa jirani hajatoka chini ya gari. Na mie moyo umenywea.

Nimekiua kijiti cha Mama.

Kichaka kidogo tu, hakinifiki magotini, majani membamba kama uzi. Huota kwao Pemba, kwenye mchanga wa chepechepe karibu na bahari, na hutoa vijiua vyeupe vidogo mno. Mjomba alimletea miaka mitatu nyuma, mizizi kaifunga kwa kanga iliyorowa. Mtoto wa jicho alipomzidi Mama, akawa vijiua havioni tena, anavipapasa kwa kidole. Ndiyo maana akakubali kupasuliwa, mwanamke anayeogopa hata sindano!

Wiki mbili yuko kwa dada yangu, mtaa wa Ghubra, akiuguza jicho. Alipoondoka kijiti kilikuwa kimejaa vitumba. Akaniachia amri moja: kisitoke chini ya bomba la eisi, kile kiyoyozi cha chumbani. Yale matone ndiyo mvua yake.

Lakini mie mjuaji! Juzi nikaona udongo tepetepe, nikasema mizizi itaoza, nikakihamishia uani. Jana kikaanza kunyauka kwa jua. Nikakionea huruma, nikakipiga maji ya mpira adhuhuri. Maji ya tangi la juu ya paa, Maskati, mwezi wa sita, yanachemka! Na mie huyu huyu kila kiangazi nazima hita ili maji yapoe humo ndani, nipate ya kuoga yasiyoniunguza.

Sikufikiri. Wallahi sikufikiri.

Asubuhi majani yamegeuka rangi ya chai, ukiyagusa yanapukutika. Nimekirudisha chini ya eisi. Nimekifunika kitambaa kibichi. Nimekisomea hata Fatiha, nikajicheka, kisha nikalia. Mjomba nimempigia, akasema pale walipokuwa wakivikuta vijiti hivi pamefukiwa, panajengwa nyumba, na hajui pahali pengine.

Alasiri Mama akapiga simu. Kesho anarudi, jicho limefunguliwa, anaona mpaka tundu ya sindano. Nikajikaza nimwambie.

"Mama, kile kijiti chako..."

"Usinambie!" Akacheka kama mtoto. "Ntakuja kukiona mwenyewe."

Nikasema haya, Mama.

Sasa nimekaa nacho hapa, eisi inadondoka, tone moja moja, kwenye vijiti vikavu. Sina la kufanya. Miaka yote hii nimemuombea Mama aone.

Yarabi, kesho akiona, mie nisimame wapi?