Hatukuulizana Kichwa Kitatikiswa Vipi

Baba Upendo, ndugu yangu,

Habari za huko uliko, ingawa huko kwenyewe sikujui. Mmoja anasema umeonekana Mirerani ukibeba kifusi machimboni, mwingine anaapa kwamba uko Babati. Nimechoka kuuliza. Barua hii nitamwachia Mama Upendo, ukirudi utaisoma.

Leo nimekumbuka siku tulipojuana, nikacheka peke yangu. Kiwanda nilichofanyia kazi kilikuwa kimeshauzwa, sote tumepunguzwa kazi, na mimi nimehamia kilabuni kutwa nzima. Mwinjilisti akanikokota hadi kile chumba cha nyuma ya kanisa, Levolosi, wanakokutana wanaume walioacha pombe. Nikapewa chai. Mikono ilitetemeka mpaka chai ikamwagika kwenye suruali. Ukaninong'oneza, "Shika kwa mikono miwili, bwana, hakuna anayekutazama." Nikainua macho: wanaume tisa wananitazama! Nilikukasirikia sana siku ile, na kesho yake nikaja mapema ili nikae karibu na wewe.

Mtaani wakatuita Wazee wa Soda. Wewe ulilichukia jina hilo, mimi nikalizoea. Miaka mitatu, kila saa kumi na moja jioni, ukishafunga meza yako ya mitumba, ulinipitia tukazunguka njia ndefu ili tusipite mbele ya kilabu. Tulizungumza upuuzi mtupu: kahawa imeanguka bei, nani kanunua pikapu na kaitoa wapi. Upuuzi ule ndio ulioniponya, na sikuwahi kukuambia.

Halafu ikaja posa ya Upendo. Kwenu huko mlimani, wakwe wakileta mbege, ile pombe ya ndizi, aliyeileta anaonja kwanza, kisha baba wa binti anapokea kata, kile kibuyu cha kunywea, na kunywa mbele ya watu. Asipokunywa, amemkataa mkwe. Ulihangaika wiki nzima. Mwisho ukasema unataka niketi mkabala na wewe. "Nikishika kata nitakutazama. Ukitikisa kichwa, nitajua."

Nami nikajibu, "Haya."

Watu wazima wawili, wenye ndevu! Kichwa kinatikiswa kwa ndiyo na kinatikiswa kwa hapana, na hakuna kati yetu aliyemuuliza mwenzake.

Siku ikafika. Ukapokea kata mbele ya wazee. Ukanitazama. Kisha ukanywa, wala si funda moja la heshima. Uliimaliza, ukairudisha ijazwe tena. Wanawake wakapiga vigelegele. Wiki haijaisha, meza yako sokoni ilikuwa tupu na wewe hujulikani ulipo.

Tangu hapo najiuliza nilitikisaje. Nilisimama mbele ya kioo cha kinyozi nikajaribu, huku na huku, juu na chini, mpaka kinyozi akaniuliza kama shingo inauma. Nikikumbuka hivi, naona nilikukataza nawe ukanielewa vibaya. Nikikumbuka vile, naona nilikuruhusu, kwa sababu nilimwonea huruma Upendo aliyekuwa amejibanza mlangoni akisubiri. Siku moja nina hakika, kesho yake sina. Kikundini kila mtu anasimulia kosa lake. Mimi nakunywa chai nanyamaza, maana sijui langu ni lipi.

Jumamosi nikapanda mlimani kumwambia Mama Upendo. Nilimkuta anamenya ndizi. Nikamweleza yote bila kuficha, nikamalizia, "Shemeji, huenda ni mimi niliyemruhusu."

Akaweka kisu chini.

"Shemeji, mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya wakwe, nawatazama nyinyi wawili. Alikutazama, akasubiri. Akasubiri sana, jamani. Wewe hukutikisa kichwa kabisa. Macho yako yalikuwa kwenye kata."

Hakunigombeza, akanikaribisha chakula, nami nikala kwa kuwa sikujua nifanye nini kingine.

Ndugu yangu, nilikuwa nimejiandaa kukuomba msamaha kwa jibu baya nililokupa. Sasa naambiwa sikukupa jibu lolote. Najaribu kubisha na siwezi, kwa sababu harufu ya ile mbege naikumbuka vizuri kuliko uso wako. Ulikuwa unanitafuta, nami nilikuwa na kiu. Wala sikunywa siku ile, na hilo ndilo linalonichanganya zaidi: mimi niliyeitamani nimebaki salama, wewe uliyeomba msaada umepotea. Nina hasira, na sijui nimkasirikie nani. Mara nyingine nakukasirikia wewe, kwamba ungeniita tu jina langu.

Rudi nyumbani. Nitazame tena popote utakaponikuta. Safari hii nitakujibu kwa mdomo.

Ni mimi mwenzio,
Baba Neema