Maneno ya Kijivu Kuhusu Baba Upendo

Alhamisi. Manyunyu tangu asubuhi, na mlima umejifunika ukungu mpaka huku kwetu Old Moshi. Hata migomba ya mwisho ya shamba siioni. Nisipoandika leo, kesho nitajidanganya kwamba haikuwa kitu.

Mnaonisoma mnajua kazi yangu. Ofisi moja ndogo inayopandisha wageni mlimani imenipa kompyuta yake kuukuu nifanyie kazi nyumbani, kwa sababu ya mtoto. Waongozaji wakifika kambini wananitumia ujumbe, nami naandika mstari mmoja kwenye faili: kundi la fulani limefika. Nikihifadhi tu, mstari unatokea kwenye ukurasa ambao wake na mama wa wapagazi wanaufungua kwenye simu zao. Kompyuta yenyewe ni nzito, kwa hiyo naandikia kwenye kihariri, programu ya kuandikia ndani ya dirisha jeusi, maandishi matupu, hakuna picha wala kipanya. Niliishia kidato cha pili. Siku niliyoweza kuhifadhi na kutoka humo bila kumpigia mtu simu, nilifurahi kama nimepewa cheti.

Jana shemeji Goodluck, mdogo wake mume wangu, fundi wa kompyuta pale ofisini, alinishauri niunganishe msaidizi wa akili mnemba kwenye kihariri hicho. Mkono mmoja unashika mtoto, mwingine unaandika. Msaidizi atanimalizia sentensi. Leo asubuhi nimefanya mwenyewe, nikisikiliza maelekezo aliyonirekodia. Nikabandika ufunguo wa msaidizi, ule mstari mrefu wa herufi na namba, kwenye faili la mipangilio. Nikafunga kihariri, nikafungua tena. Nikaandika "Kundi la", na mbele yake yakatokea maneno ya kijivu, hafifu kama mvuke. Ukiyataka unabonyeza Tab, yanakuwa yako.

Nilicheka peke yangu. Mwanangu Upendo naye akacheka, hajui tunacheka nini.

Mchana ujumbe wa makundi mawili uliingia. Nikaandika, Tab, Tab. Kundi la tatu ni la Baba Upendo, mume wangu. Yeye ni mpagazi, na leo walikuwa wanalala kambi ya juu, ile ya mwisho kabla ya kilele. Nikaanza kuandika jina la kundi ili likae tayari, nisubiri ujumbe wao. Kijivu kikaja: "limefika kambini, wote salama." Mtoto alikuwa anavuta waya wa chaji. Nikabonyeza Tab, nikahifadhi, nikamkimbilia.

Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba wamefika.

Wala sikujua nimefanya hivyo. Nilijua jioni ilipoanza, mwongozaji wa kundi jingine aliponiandikia kwamba huko juu kumepiga mvua ya mawe na kuna mpagazi anashushwa kwa machela, yeye hajui ni wa kundi gani. Nikafungua faili nione nani bado hajafika. Nikakuta wote wamefika. Nikausoma mstari wa Baba Upendo, nikatafuta ujumbe wao kwenye simu. Haupo.



Nikaufuta ule mstari. Nikaanza upya jina la kundi niandike kwamba hatujapata habari, na kijivu kikaniletea tena wote salama. Nikamzima msaidizi. Lakini najua alikoyatoa maneno hayo. Mistari yote niliyowahi kuandika humo inaishia hivyo. Na sisi wenyewe ndivyo tulivyo: ukimuuliza mtu habari za nyumbani atasema salama kwanza, hata kama ametoka kuzika, halafu ndipo akueleze msiba. Mashine imeishika ile salama yetu. Yale ya baadaye haina.

Kufuta kwenye faili ni rahisi, ila mama mkwe alishasoma. Tunaishi kihamba kimoja, shamba la familia, nyumba yake na yetu zinatazamana. Mchana nilimsikia akisema "Aika Ruwa", akimshukuru Mungu, nisijue kwa lipi, akaenda kukata ndizi za mtori. Nikaingia jikoni kwake na mtoto mgongoni. Alikuwa anamenya.

"Mama, ile ya mchana si kweli."

Kisu kikasimama. "Si kweli vipi? Amekufa?"

"Hapana, mama. Sijui. Hakuna aliyeniambia chochote."

"Sasa nani alisema amefika?"

"Mashine, mama. Mimi nikaitikia."

Akaniangalia sana. "Hiyo mashine ina mtoto wake huko juu?"

Nikamweleza na habari ya machela, maana ningeificha hiyo, ningekuwa nimebonyeza Tab mara ya pili. Hakunigombeza, na ndicho kilichonitisha zaidi. Alinipokea mtoto tu, akaniambia nikawapigie wake wa kundi lile, mmoja mmoja. Nikawapigia. Mmoja alinitukana, na alikuwa na haki.

Nakiri jambo. Kuna muda nilitamani kuurudisha ule mstari. Si kwa ajili yao. Nilitaka niukute tu pale, niusome.

Giza halijaingia, simu ikalia. Mwongozaji wa kundi la Baba Upendo. Wamefika sasa hivi, mvua iliwaweka chini ya mwamba, na simu yake ililowa.

"Wote?" nikamuuliza.

"Wote, Mama Upendo. Wa machela si wetu, ni wa ofisi nyingine, kazidiwa na baridi. Mumeo huyu hapa anakoroga chai."

Nikashukuru, kisha nikaona aibu. Wa machela naye ni mume wa mtu.

Nikaandika kwa vidole vyangu, herufi moja moja: limefika kambini, wote salama. Nikausoma. Ni mstari ule ule wa mchana, hata nukta haijabadilika. Aliyeufungua mchana na anayeufungua sasa wanaona kitu kimoja.

Nikampelekea mama mkwe simu asome mwenyewe. Hakuitazama.

"Nani kakuambia?"

"Mwongozaji wao, mama. Kwa sauti yake."

Ndizi zilikuwa zimekaa kwenye maji tangu nilipoingia na habari ile. Ndipo akaziweka motoni.

Sitamwondoa msaidizi, mkono wangu mmoja bado ni wa mtoto. Kesho nitamwasha tena, na kijivu kitakuja na neno zuri kabla ya habari. Je, kidole changu kitaweza kusubiri? Natumaini kitaweza. Leo kidole hicho ndicho ninachokiogopa.