Mchanga Kwenye Tairi, Povu Kwenye Maziwa

Jumatatu, 1 Septemba

Nimetoka Bura baada ya alfajiri, kama kawaida. Habiba mbele, wenzake watatu nyuma, madumu ya maziwa ya ngamia yamejaa hadi dirishani. Tulipofika themanini kwa saa, usukani ukaanza kutetemeka. Tena. Mpaka bega likaniuma.

Sokoni Garissa, Habiba akafungua dumu la kwanza na kupima povu kwa vidole. Yeye ndiye mkubwa wa wauza maziwa, na kipimo chake hakibishwi. Leo vitatu. Gari likitikisa maziwa, povu linazidi, na povu likizidi wanunuzi wanasema maziwa yamechoka, wanapita kama hawakuoni.

Jioni nikarudisha ufunguo. Gari ni la Adeer, mdogo wake marehemu baba. Kando ya mlango wake kuna msumari. Miaka minne naendesha njia hii, na kila jioni ule ufunguo lazima ulale kwenye msumari ule.

Nikamwambia tairi za mbele hazijakaa sawa. Akanijibu bila kuniangalia: "Shida si tairi. Shida ni mkono."

Mkono wangu huo! Sijagonga hata mbuzi.

Mashine ya kubalansi magurudumu hapa mjini imekufa tangu mvua. Lakini Adeer ana dawa yake. Zamani alikuwa dereva wa lori, Garissa hadi Tarbaj, na anaapa kuwa walikuwa wakitia mchanga ndani ya tairi. Lori likikimbia, mchanga unajipanga wenyewe upande ulio mwepesi, na lori linatulia. Kesho atautia kwenye hiki kigari chetu, Probox. Likiendelea kutetemeka, basi ni mimi. Ijumaa baada ya swala ufunguo unaenda kwa mwanawe, Abdirizak, ambaye usingizi wake wa asubuhi unajulikana mtaa mzima.

Siutoi. Wacha aseme atakalo.

Jumanne, 2 Septemba

Kwa Fundi Kassim wa tairi. Amefungua zile mbili za mbele, akamimina mchanga kikombe kizima kila moja, akajaza upepo. Adeer amesimama mikono kiunoni, kama anazindua barabara.

Nimesema mbele ya wote kuwa Probox si lori. Wakacheka. Kassim hakucheka, alikuwa ameinama anaangalia ndani ya tairi ya kushoto. Nikamuuliza kuna nini. Hakuna kitu, akasema.

Nimekasirika hadi sijala.

Jumatano, 3 Septemba

Lazima niandike ukweli, hata kama unanichoma. Kwenye lami iliyonyooka, gari lilitulia. Lo! Themanini, themanini na tano, usukani kimya. Habiba akasema mashallah. Mimi nilitaka kulia kwa hasira.

Kisha matuta. Tulipoyavuka tu, tetemeko likarudi. Dakika mbili tatu, likapungua. Shimo, likarudi. Basi ikawa hivyo njia nzima. Mchanga unajipanga, barabara inaupangua. Lori ni zito, tairi yake kubwa, labda halijali. Hiki kigari kinajali.

Povu vidole viwili na nusu.

Nikamweleza Adeer yote, zuri na baya. Akachukua zuri, baya akaliacha mlangoni. "Si ulisema imetulia? Mchanga inafanya kazi. Hiyo ingine ni wewe."

Mimi na ukweli wangu. Mjinga.

Alhamisi, 4 Septemba

Leo mbaya kuliko zote. Themanini haikufikika. Hata sitini usukani ulikuwa unarusha mikono yangu. Povu vidole vinne. Habiba amerudi na dumu zima halijauzwa. Hakunilaumu. Ingekuwa afadhali angenilaumu.

Nikaenda moja kwa moja kwa Kassim, nikamwambia fungua. Mchanga ulikuwa umeshikana, donge moja limeganda upande mmoja kama ugali wa jana. Kumbe aliuchota mtoni, Tana, ukiwa bado na unyevu. Kila mtu hapa akitaka mchanga anaenda Tana, hata wa kujengea choo. Hakuna aliyewaza kuukausha.

Nikadhani mambo yameisha. Wapi! Adeer kaja, kaangalia donge, kasema shida ni maji, si mchanga. Akatuma zitafutwe shanga, zile ndogo ngumu za kioo za wanawake. Shanga hazinywi maji. Kassim akazimimina.

Hapo nikachoka na adabu. Nikamwambia, "Adeer, kesho endesha wewe. Mkono wako, gari lako, shanga zako. Habiba atapima." Mtoto wa kike hamwambii adeer yake hivyo mbele ya watu. Najua. Nimesema na sijutii.

Akakubali. Angekataaje?

Ijumaa, 5 Septemba

Nitaandika polepole, mkono bado una grisi.

Adeer kaendesha kutoka Bura. Mimi nyuma, nimebanwa na madumu. Kwenye lami, shanga zilifanya vizuri kuliko mchanga. Nasema ukweli. Baada ya tuta la kwanza nikaona viwiko vyake vinacheza. Akapunguza. Akaongeza. Vikacheza. Akasema barabara imeharibika. Madumu yakachapana.

Sokoni, Habiba akaweka vidole kwenye povu, akaviinua juu. Vitatu.

Adeer akaegesha kwa Kassim, ufunguo akautia mfukoni, akaenda kujitayarisha kwa swala. Hakusema ameshindwa. Hakusema Abdirizak hatapewa. Basi nikajua kuwa atampa tu.

Kassim alikuwa anafunga kazi. Nikamwomba jambo moja kabla hajaenda msikitini: atoe shanga, ajaze upepo, aniachie jeki. Alipofungua tairi ya kushoto nikaingiza kichwa mwenyewe. Ndani kuna kiraka kikubwa kama kiganja, kimekatwa kwenye tairi la lori. Kazi ya Kassim, ya mwezi uliopita. Alikiona tangu Jumanne akanyamaza, maana ni chake. Nikamwangalia. Akaangalia chini.

Wakaenda kuswali. Adeer havuti handibreki. Anaacha gari kwenye gia na kuweka mawe chini ya tairi, mazoea ya lori. Gia ya Probox inashika ya mbele tu, kwa hiyo magurudumu ya nyuma yalikuwa huru. Nikainua nyuma kwa jeki, nikatoa gurudumu la hapo, nikafunga lile la kushoto la mbele. Nikalizungusha kwa mkono, nikaliacha. Likazunguka, likapunguza, likarudi nyuma kidogo, likasimama. Nikaweka alama ya chaki kwenye tairi, pale lilipo chini. Nikazungusha tena. Chaki chini. Mara ya tatu, chini. Mahali pale pale penye kiraka.

Walipotoka msikitini walinikuta nimekaa chini, buibui limejaa vumbi. Nikamwambia, "Adeer, zungusha." Hakutaka. Watu wakamtazama. Akazungusha, kwa nguvu zake zote. Gurudumu lilizunguka muda mrefu sana. Likasimama chaki chini.

Akazungusha tena, taratibu. Chaki chini.

Kassim, bila kuambiwa, akaleta risasi kuukuu za kusawazishia magurudumu, alizobandua kwenye rimu mbovu. Tukagonga moja juu, mkabala na kiraka. Tukaongeza ndogo. Mpaka gurudumu likawa linasimama popote linapotaka. Kisha lile la kulia. Adeer alikuwa bado amesimama pale. Kisha akaondoka, na ufunguo.

Sitajuta. Akimpa Abdirizak, ampe. Lakini asiseme tena mkono.

Jumamosi, 6 Septemba

Alfajiri ufunguo ulikuwa kwenye msumari. Hakuna mtu mlangoni. Nikauchukua, nikaenda Bura.

Themanini, kimya. Matuta, kimya. Kwenye tisini kuna mtikisiko mdogo bado, kwa mbali. Kuzungusha kwa mkono hakuoni kila kitu, mashine ingeona. Lakini naweza kuishi nao.

Habiba alifungua dumu, akatia kidole kimoja, akakitoa: povu halikufika hata hapo. "Abaayo, dada yangu, hiki nacho umenipa cha bure." Tukacheka hadi wanunuzi wakashangaa.

Maziwa yote yameisha kabla ya saa nne.

Jumapili, 7 Septemba

Mchana Kassim kanitumia neno: Adeer alimpelekea gurudumu la akiba la rafiki yake, akamwambia alizungushe "vile msichana alifanya". Msichana. Nina miaka thelathini na minane.

Jioni nikaenda kurudisha ufunguo. Adeer alikuwa ndani, nasikia redio yake. Nikanyoosha mkono kando ya mlango bila kuangalia, kama ninavyofanya kila siku. Hakukuwa na kitu. Msumari umeng'olewa. Limebaki tundu tu, na vumbi jeupe la ukuta kizingitini.

Redio ikaendelea.

Nikarudi nyumbani, ufunguo mkononi. Usiku huu utalala kwangu.