Sahihi Yangu Chini ya Kazi ya Mkwe

Mpendwa Bi Thuwaiba,

Naomba unisaidie, maana usingizi umenikimbia tangu Jumatatu. Mimi ni fundi wa ndege ndogo hapa Unguja, naishi Bububu, na ufundi wangu wote nimefundishwa na Mzee Amour, ambaye ndiye baba wa mke wangu Rasha, na karakanani kwetu sheria ni kwamba kazi yoyote inayogusa usukani wa ndege lazima fundi wa pili aikague kwa macho yake kisha atie sahihi, lakini miaka sita sasa mzee akimaliza huniambia, "Nshafunga, mwanangu, tia sahihi tukasali," nami hutia, kwani nitapandaje ngazi na tochi kumkagua mkwe wangu mbele za watu, ataniona sina adabu, na Rasha atapata habari kabla sijafika nyumbani.

Sasa Jumatatu hiyo, alasiri ya Ramadhani, mzee ana saumu na usiku hakulala vizuri, alikaza nati ya usukani wa mkia, nikatia sahihi kama kawaida, na alipokwisha kuondoka nikarudi kuchukua koleo langu nikaona nati haina ule waya wa kuizuia isilegee, nikautia mwenyewe haraka haraka, nikafunika, sikumwambia mtu. Asubuhi ndege ikaenda Pemba na abiria tisa, na imekwenda kila siku tangu hapo. Nikisema, mzee ataaibika naye anastaafu baada ya Idi. Nikinyamaza, naogopa litatokea tena. Nimsitiri au niseme?

Jamil, Bububu

Jamil,

Barua yako sikuipanga foleni. Namba yako ilikuwa chini yake, nikakupigia hapo hapo, na haya nayachapisha kwa ruhusa yako na ya mkwe wako ili mafundi wengine wasome.

Nakuhurumia. Kumkagua mtu aliyekufundisha kushika spana si jambo jepesi, tena awe mkweo. Lakini usinipambie maneno. Hukumsitiri mzee, ulijisitiri wewe. Mzee kusahau ni ubinadamu. Njaa, uchovu na haraka ya kuwahi sala vinaweza kumsahaulisha yeyote, na ndiyo maana yakawekwa macho ya pili. Macho hayo ni yako, nawe umeyafumba miaka sita. Halafu nikakuuliza kwenye simu: ulipoutia ule waya kwa siri, wewe nani alikukagua? Nikakwambia nenda kwa msimamizi sasa hivi, ndege isiruke, aibu tutaishughulikia baadaye.

Ulikwenda, na kwa hilo nakupongeza. Ndege ikazuiwa, na Mzee Amour mwenyewe akapanda ngazi, akakuta waya wako umeuvuta upande wa kuilegeza nati badala ya kuikaza. Abiria tisa, Jamil, kila siku! Nimekasirika hadi sasa ninapoandika.

Basi nisikilize. Andika taarifa yote leo, kosa lake na lako, usipunguze hata neno. Mwombe msimamizi kazi za usukani zifanywe asubuhi mwezi huu wote, watu wakiwa bado na nguvu, na ambaye usiku hakulala vizuri aseme bila kuogopa. Usitie tena sahihi kwenye kitu ambacho tochi yako haikukimulika, hata aliyekifunga awe nani. Na Rasha aisikie habari hii kutoka kinywani mwako, kabla ya futari.

Ama hiyo adabu unayoihofia, wewe mwenyewe ndiye uliyenisimulia: mzee alipomaliza kuufunga waya upya alishuka, akakupa tochi mbele ya mafundi wote, akasema, "Haya, panda unkague."

Ukapanda. Kesho panda tena, hata asipokwambia.

Bi Thuwaiba